Jambiani ya wakulima: maswali ninayoulizwa kila siku

Haya nimeyakusanya mana kila nikitaja ninakotoka naulizwa yale yale, na nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nimeyapanga kadiri yalivyonijia kichwani, usitafute mpango.

Jambiani iko wapi hasa?

Unguja, upande wa kusini mashariki, Wilaya ya Kusini. Kutoka mjini ni kama kilomita 55 hadi 60 hivi, unapita Tunguu, unapita msitu wa Jozani, unapita Kitogani, unafika Paje, hapo ukikutana na bahari unapinda kulia. Ukiendelea mbele zaidi unakwenda Makunduchi. Daladala yake ni namba 309. Kijiji chenyewe ni kirefu kuliko kilivyo kipana, kimejinyoosha kilomita kadhaa kwenye ukanda wa mchanga, mbele bahari na nyuma maweni, kwa hiyo ukiambiwa nyumba ya fulani iko Jambiani bado hujaambiwa kitu, uliza ni Kibigija au Kikadini, usije ukatembea na mizigo nusu saa juani.

Si kijiji cha utalii? Mbona wewe unasema cha wakulima?

Hoteli zipo, na nyingi, sikatai. Lakini hizo zimekuja juzi. Watu wa pale tangu zamani wana mashamba mawili, moja lipo juu ya mawe nyuma ya kijiji na jingine lipo ndani ya bahari, na mtu anayekuja kuota jua akaondoka anayapita yote mawili bila kujua kama ni mashamba. La nyuma anaona kichaka tu. La mbele anaona vijiti vimesimama majini, anavipiga picha, basi.

Jina limetokana na nini?

Hadithi inayosimuliwa sana ni ya jambia, kile kisu cha kupinda cha Waarabu, kwamba kiliokotwa hapo au watu walikuja nacho, kila mzee ana yake. Mimi nakwambia kama nilivyoambiwa.

Kwenye mawe yale kunaota nini jamani?

Hili ndo swali nnalolipenda. Wageni wakiona ardhi ya maweni wanadhani haina faida, mana ukipiga jembe linalia tu kama umepiga ukuta. Na kweli jembe halifanyi kazi pale. Ile ni matumbawe ya zamani, bahari ilikuwa juu ikashuka ikayaacha, na udongo umejikusanya kwenye mashimo na nyufa, mwekundu, mzuri sana lakini kidogo kidogo, hapa kiganja, pale ndoo moja. Kwa hiyo hulimi shamba, unalima mashimo. Unafyeka kichaka, unaacha kikauke, unatia moto kabla ya mvua, majivu ndo mbolea yako, halafu mvua ikipiga unazunguka na muo au chuma unachomeka mbegu kila penye udongo. Mtu asiyezoea atasema umepanda ovyo ovyo bila mistari, kumbe mistari imepangwa na mawe yenyewe.

Muhogo ndo mkubwa wao. Kunde, choroko, mbaazi, mtama zamani ulikuwa mwingi kuliko sasa, matikiti, maboga, mapapai, tungule (nyanya) na pilipili. Mapapai hasa yanapenda pale sijui kwa nini, mzizi unaingia kwenye ufa unakuta unyevu huko chini. Ukishavuna misimu miwili mitatu udongo unachoka, unahama unakata konde jingine, lile la kwanza unaliacha miaka lirudi kichaka. Ndo mana mgeni akiona kichaka anadhani hakina mwenyewe. Kinapumzika, na mwenyewe yupo.

Tatizo la siku hizi hakipumziki tena vya kutosha. Kuni na makaa vinatoka humo humo, boriti za kujengea humo humo, viwanja vinakatwa humo humo, na watu wameongezeka, kwa hiyo lile konde lililokuwa likikaa miaka mingi linarudiwa mapema, mavuno yanapungua, watu wanasema mvua zimebadilika. Mvua nazo zimebadilika, sawa, lakini si hilo tu.

Msimu wa kupanda ni lini?

Masika ni Machi hadi Mei, hiyo ndo kubwa. Vuli ni Oktoba hadi Disemba, hiyo ni ya kubahatisha. Katikati yake kuna kusi, upepo wa baridi baridi, na Disemba hadi Machi kaskazi, joto. Mkulima wa maweni anachoma kabla ya mvua, akichelewa mvua ikamkuta na vijiti vibichi basi mwaka huo kwake umeharibika.

Ile mikuta ya mawe huko porini ni magofu?

Hapana, ni uzio wa nguruwe. Nguruwe mwitu wakiingia kwenye muhogo usiku mmoja tu asubuhi unakuta kama limepita trekta, na watu wa pale ni Waislamu, nguruwe hawali, kwa hiyo hata faida ya kitoweo hakuna. Basi mawe yale yale unayoyatoa ili upate kupanda unayapanga yakawa ukuta kuzunguka konde, bila saruji. Kazi ya mgongo hiyo. Kima wao ukuta hauwahusu, hao dawa yao ni kukaa shamba ukapiga kelele, kazi wanayopewa watoto wakitoka skuli.

Mwani ulianza lini? Ni kitu cha asili?

Mwani ni majani ya baharini, ndo lile shamba la majini nililolitaja. Wa kuokota ulikuwepo tangu zamani, watu waliuokota ufukweni ukasafirishwa nje. Wa kulima ni mwaka 1989, mbegu zililetwa kutoka Ufilipino na mashamba ya mwanzo yalikuwa huku kwetu pwani ya mashariki, Paje na Jambiani. Kabla ya hapo alikuwepo Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yeye alikuwa akisema tangu miaka ya 70 kwamba mwani unaweza kulimwa Tanzania. Sasa Zanzibar nzima wakulima wanahesabiwa kuwa zaidi ya 20,000 na kama asilimia 80 ni wanawake.

Unalimwaje? Nieleze kama mtu asiyejua kitu.

Haya kaa vizuri.

Mwanzo uelewe maji. Mbele ya kijiji kuna mwamba mbali kule mawimbi yanapovunjika, kilomita moja mpaka mbili hivi, na kati ya mwamba na ufuko ni kina kifupi, chini mchanga na majani. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndo bamvua, maji yanajaa sana na kutoka sana, kiasi cha saa nne asubuhi pamekauka unatembea mpaka mbali. Katikati yake ndo maji mafu, hayajai sana wala hayatoki sana, shamba halifikiki. Kwa hiyo mkulima wa mwani hana Jumatatu wala Jumamosi, ana bamvua. Harusi yenyewe ikiangukia bamvua watu wananung'unika.

Bamvua ikifika wanashuka. Wana mambo, vile vijiti vilivyochongwa ncha, wanavigongelea mchangani mstari huku na mstari huku, katikati wanafunga kamba ya mita kama nne au tano. Kwenye kamba kuna vikamba vidogo vingi, vinaitwa taitai, na kila taitai inafungwa kipande cha mwani kama ngumi ya mtoto, hiyo ndo mbegu. Kufunga kwenyewe mara nyingi kunafanyika nyumbani au ufukweni, wanakaa wanawake kivulini, kamba zipo mapajani, stori zinapigwa huku mikono inafanya kazi peke yake. Mimi nimekulia pembeni ya mikusanyiko hiyo, siri zote za mtaa nilizijulia hapo.

Halafu unasubiri kama wiki sita. Ukipanda bamvua hii unavuna bamvua ya tatu, ndo hesabu yao, hamna kalenda ukutani. Lakini kusubiri si kukaa, kila maji yakitoka unashuka unasafisha uchafu ulionasa, unakaza kamba zilizolegea, unarudisha kijiti kilichong'oka na upepo, unafukuza samaki wanaokula. Kile kipande cha ngumi kinakuwa kichaka cha kilo moja hivi kama bahari imekubali.

Kuvuna sasa. Unakata, au unafungua kamba nzima, unatia kwenye polo, lile gunia kubwa, na mwani mbichi ni mzito ajabu mana ni maji matupu. Wenye vyombo wanapakia, asiye na chombo anasubiri maji yajae kidogo aburuze polo likielea, ama anajitwisha. Nimemuona mama yangu na shingo imezama. Ukifika juu unaanika, siku mbili tatu jua likiwa kali, kwenye makuti au nyavu au vichanja, mana wanunuzi hawataki mchanga. Mvua ikinyesha juu ya mwani ulioanikwa ule unafifia, chumvi inatoka, bei inashuka, kwa hiyo wingu likitokea utaona kijiji kizima kinakimbia. Kilo saba au nane mbichi zikikauka unapata kilo moja. Rudia hesabu hiyo taratibu, halafu ukumbuke lile polo.

Huo mwani unaliwa?

Kwetu hauliwi kwa kawaida, ingawa siku hizi kuna akina mama wanatengeneza juisi, achari, keki mpaka sabuni. Mwingi unakwenda nje, unatolewa utomvu unaoitwa karajinani ambao unafanya vitu viwe vizito na vishikane, uko kwenye dawa ya meno, aiskrimu, losheni, dawa. Yaani kuna uwezekano asubuhi ya leo umepiga mswaki na kazi ya mtu wa Jambiani.

Kwa nini wanawake ndo wengi?

Wanaume walijaribu mwanzoni, wengi wakaondoka, wakasema pesa ni kidogo kuliko ya samaki, na baadae kuliko ya hoteli. Wanawake walibaki kwa sababu kazi iko karibu na nyumbani, maji yakijaa unarudi unapika. Na pia ni pesa yake. Miaka ya 90 ndo utaona nyumba za mawe na bati zinaota, ukiuliza unaambiwa hii ya mwani, kabati ile ya mwani, yunifomu za watoto za mwani. Waume wengine mwanzoni walinuna, kisha wakanyamaza walipoona bati.

Nasikia mwani unakufa. Kweli?

Kweli kwa aina moja. Kuna spinosamu na kuna kotonii. Kotonii ina bei kubwa zaidi, kiasi cha mara mbili, lakini ni laini, haitaki joto, na tangu miaka ya 2000 imekuwa inakufa mpaka sehemu nyingi za pwani yetu watu wameiacha kabisa. Maji ya kina kifupi yakipigwa na jua la kaskazi yanakuwa kama ya kuogea mtoto. Mwani unageuka mweupe unakatika, wataalamu wanaita ice-ice, juu yake tena unaota mwani mchafu mwembamba kama nywele. Dokta Flower Msuya, mtafiti wa mwani anayejulikana sana Zanzibar, amesema hili miaka mingi na amehimiza watu wapande kwenye kina kirefu maji yalipo baridi. Ushauri mzuri, ila kina kirefu maana yake chombo na kujua kuogelea, na wanawake wengi wa pale hawakufundishwa kuogelea japo wamezaliwa hatua ishirini kutoka baharini. Hapo ndo mambo yalipokwama, si kwamba watu wabishi.

Wengine wameingia kwenye sifongo, yale ya kuogea, yanafugwa kwenye kamba baharini hapo hapo Jambiani. Hayataki kukaushwa maji yakitoka kwa hiyo yanawekwa kina zaidi, na hao wanaoyafuga walifundishwa kuogelea kwanza. Nimefurahi sana kuona hivyo.

Bei ya mwani inaridhisha?

Muulize anayelima utasikia. Kwa miaka mingi spinosamu kavu ilikuwa shilingi mia kadhaa tu kwa kilo, na mnunuzi ndo aliyekupa kamba na taitai kwa hiyo ndo unayemuuzia, unabishana naye vipi? Serikali ilianza kujenga kiwanda Chamanangwe huko Pemba ili mwani usitoke ukiwa mali ghafi tu. Wanaopata zaidi ni wale wanaosaga na kutengeneza sabuni wakauza wenyewe, ila hao ni wachache, na soko lao ni hao hao watalii.

Vile vijirundo vya mawe ufukweni maji yakitoka ni makaburi?

Hahaha, hili limeulizwa mara ngapi. Ni makumbi. Maganda ya nazi yanafukiwa mchangani pale maji yanapopanda na kushuka, yanakandamizwa na mawe yasichukuliwe, yanakaa miezi mpaka yaoze. Kila mtu anajua shimo lake, usiniulize vipi. Yakiiva yanafukuliwa, harufu yake nisiisifu, yanapigwa na gongo mpaka usumba unabaki mtupu, unaoshwa, unakaushwa, halafu unasokotwa kamba kwa viganja. Kamba hizo zinafunga makuti ya paa, vitanda vya kamba, uzio. Bibi yangu alikuwa anasokota huku anasinzia na kamba inatoka sawa sawa. Mie nikijaribu inatoka kama mkia wa panya. Kamba za nailoni zimeipiga vita kazi hii lakini haijafa, mana hoteli zinapenda mapaa ya makuti.

Karafuu je?

Hakuna. Karafuu inataka udongo wa kina, nenda Pemba au kaskazini na magharibi ya Unguja. Ukiuziwa "spaisi tua" Jambiani ujue viungo vimepanda gari kama wewe.

Minazi ile yote ni ya nani?

Ina wenyewe, kila mmoja. Hapa watu wa bara wanachanganyikiwa: kwetu mti na ardhi ni vitu viwili. Unaweza kukuta kiwanja kinatumiwa na huyu lakini mnazi uliomo ni wa yule, ulipandwa na babu yake, na nazi ikianguka ni yake. Mti unarithiwa, unagawanywa, unauzwa. Usiokote dafu ukadhani la Mungu. Minazi mingi imezeeka na mdudu chonga anaitoboa kileleni, kwa hiyo nazi si nyingi kama zamani.

Naweza kununua shamba huko?

Pole pole. Tangu mwaka 1965, baada ya Mapinduzi, ardhi yote ya Zanzibar ni ya serikali, na sheria ya matumizi ya ardhi ya mwaka 1992 inampa Mzanzibari haki ya kutumia. Mgeni wa nje hamiliki, anakodishwa kupitia utaratibu wa uwekezaji. Ukiambiwa na kijana ufukweni "nakuuzia shamba hili la baba" kwanza nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa pale mtaani, halafu uliza familia nzima, halafu uliza tena, mana shamba la baba lina mashangazi. Na kumbuka niliyosema juu ya kichaka na juu ya minazi. Nimeshuhudia mtu kalipa pesa ya kiwanja, siku ya kujenga wakatokea wenye minazi sita, kila mmoja na wake.

Na kwa wenyeji wenzangu mnaouza: ukanda wa mchanga ndo ulikuwa wa kuanikia mwani na kufukia makumbi na kuegesha ngalawa. Hoteli ikisimama pale mama anaanika wapi? Siongezi.

Maji ya kunywa mnatoa wapi?

Mabomba yapo, visima vipo. Maji matamu yapo chini ya mawe, yameelea juu ya ya chumvi, ukivuta sana kisima kinageuka chumvi. Na kuna mapango, Pango la Kuza linajulikana sana, ndani kuna maji baridi safi, na katika Pango la Kuumbi wataalamu wa mambo ya kale wamechimba wakakuta mabaki ya wanyama na athari za watu wa zamani mno.

Watu wanaongea Kiswahili kipi?

Cha kawaida utaelewana nao, lakini wakianza wenyewe kwa wenyewe utasikia Kikae, lahaja ya kusini, hasa Makunduchi. Wazee zaidi.

Nije lini nione kilimo chenyewe?

Angalia mwezi, si kalenda ya hoteli. Bamvua, asubuhi, maji yakiwa yanatoka. Ukija maji mafu utaona bahari nzuri tu. Kwa maweni njoo baada ya masika kuanza, muhogo na kunde vikiwa vimechipua kwenye mawe.

Naruhusiwa kutembea kati ya mashamba ya mwani na kupiga picha?

Tembea pembeni ya mistari, usivuke kamba, ukikata kamba moja umekata wiki sita za mtu. Wenye kaiti wanaoteleza na upepo, hii inawahusu nyinyi zaidi. Picha omba kwanza, na ukikataliwa usipige kwa kujificha nyuma ya mnazi, tunakuona. Ukisalimia "shikamoo bibi" kabla ya kutoa simu nusu ya kazi umemaliza. Na vaa viatu, chini kuna miba ya baharini, kuna taa, yule samaki wa mwiba, yavuyavu nazo zipo msimu wake, wakulima wenyewe wanalalamika kuwashwa ngozi na macho kuuma kwa jua la majini.

Nikitaka nilime nao siku moja tu?

Inawezekana, zungumza na mwenye shamba, mlipe muda wake, mana unamchelewesha na maji hayamsubiri. Utapewa kamba na mbegu ukae chini ufunge. Usishangae ukimaliza kamba yako ya kwanza ukageuka, bibi wa miaka sabini aliyekaa pembeni yako yupo kwenye ya tano, na ile yako anaifungua taratibu aifunge upya.